Bao ni la Nani?

Mali yenye mipaka hulindika kwa urahisi. Shamba lina ua, ng'ombe ana alama na nyumba ina mlango. Mali itokayo katika akili haina ua, alama wala mlango. Mwenye kuichukua haonekani na kitu mkononi, na mwenye kuchukuliwa hapungukiwi na kitu nyumbani. Kwa sababu hii watu wengi waaminifu, ambao hawangethubutu kuvunja hindi moja katika shamba la jirani, huchukua maneno ya mwenzao mchana kweupe bila ya kuona haya.

Kisiwani ni kijiji cha wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare upande wa mashariki. Jina lake ni la bahari, mahali pake ni pa nchi kavu: nyuma yake pana milima, mbele yake pana nyika ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Katika kijiji hicho palikuwa na mzee mmoja aliyesifika kwa bao. Alijifunza bao la Kiswahili ujanani mwake, alipokuwa kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na aliporudi kwao hakuleta mali nyingi, alileta mchezo.

Mchezo wenyewe si mwepesi. Mashimo ni 32 katika safu nne, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na kete 22 hubaki mkononi. Kwanza hunamua, yaani huingiza kete mojamoja mpaka akiba imalizike. Kisha huingia katika mtaji. Mwanafunzi hushindwa hasa na jambo la nyumba: lini aihifadhi, na lini azisambaze kete zake. Mzee alilieleza jambo hilo kwa mfano wa ndiva, bwawa ambalo Wapare hukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Alifundisha kuwa afunguaye ndiva mapema mno hunywesha mahindi kidogo na matope mengi, na akawiaye kuifungua hupasukiwa na ukingo. Aliyesikia mfano huo mara moja hakusahau.

Kijana mmoja wa hapo, aliyepata elimu ya kompyuta, alitengeneza programu ya simu ya mkononi kwa ajili ya wanaojifunza. Programu hiyo haikuchukua mahali pa ubao wala pa wachezaji. Watu waliketi chini ya mwembe kama desturi, na simu ilikaa kando ikihesabu kete zilizobaki mkononi, ikionya hatua isiyo halali na ikifafanua kanuni. Ufafanuzi ulikuwa maneno ya mzee, ndiva yake ikiwamo. Picha zilikuwa za ubao wa mzee. Jina lililoandikwa mwanzoni lilikuwa la kijana peke yake.

Haukupita muda mrefu, programu nyingine ikatoka mjini. Mtengenezaji wake alikuwa amebadilisha rangi, akaacha picha na maneno yalivyokuwa. Ndiva ilikuwamo, kwa mtu ambaye yamkini hakupata kuiona. Kijana aliwaka hasira. Alijiona ameibiwa, akaanza kutafuta sheria.

Sheria aliipata, nayo ilimfariji nusu na kumvunja moyo nusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, huzihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi yanayolindwa. Lakini sheria hiyo hiyo hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kutenda jambo. Hulinda namna mtu alivyolieleza. Kanuni za bao, basi, hazikuwa zake hata angeziandika mara elfu. Mtu wa mjini alikuwa huru kuzieleza kwa maneno yake mwenyewe; kosa lake lilikuwa kuchukua maneno na picha za wengine.

Mpaka huu haujulikani Tanzania peke yake. Mwaka 2008 ndugu wawili wa Kolkata, Rajat na Jayant Agarwalla, walishtakiwa kwa programu yao Scrabulous, iliyofuata mchezo wa Scrabble. Kampuni ya Hasbro ilidai Marekani, na kampuni ya Mattel ilidai India. Katika uamuzi wake wa mwaka huo, Mahakama Kuu ya Delhi iliwakataza kutumia jina lile kwa kuwa lilikaribia mno alama ya biashara ya wenyewe, bali haikulikubali dai la hakimiliki juu ya mchezo. Ndugu hao wakaliita tunda la kazi yao Lexulous. Jina lilikuwa na mwenyewe. Njia ya kucheza haikufungiwa mtu.

Hapana shaka mpaka huu una hekima. Kama kanuni za mchezo zingekuwa mali ya mtu mmoja, mzee asingeutoa mchezo Tanga, na Kisiwani wasingeujua. Bao limeishi kwa kupokezanwa. Aliyelipokea bure hana haki ya kuweka mlango pale alipopita bila ya kubisha hodi.

Kijana alikwenda kwa mzee jioni, akamwamkia, akamwomba awe shahidi kwamba maneno yale yalitoka Kisiwani.

"Yalitoka Kisiwani kwa nani?" mzee aliuliza.

"Kwako, babu."

"Na katika simu yameandikwa ya nani?"

Kijana hakujibu. Mzee alizipanga kete zake polepole, kisha akasema: "Mjukuu wangu, bao si langu, nililikuta. Ndiva si yangu. Ni ya wazee wa milimani. Lakini kulifananisha bao na ndiva, hilo nililiwaza mwenyewe usiku, kambini mkongeni, nilipokuwa nikikumbuka nyumbani. Sikuwa na kitu kingine cha kwangu mahali pale."

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii kijana aliijua tangu utoto, lakini siku hiyo aliisikia kama imetungwa kwa ajili yake. Aliyokuwa akimlaumu mtu wa mjini, aliyatenda yeye kwanza, tena kwa mtu aliyemwita babu. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani kuwa neno lililosemwa kwa mdomo halina mwenyewe mpaka liandikwe. Walakini sheria ile ya 1999 hutaja hata mihadhara na hotuba miongoni mwa kazi zenye haki, na kabla ya sheria, heshima ilikwisha sema hivyo hivyo.

Kijana aliomba radhi, akaomba ruhusa, akaliweka jina la mzee juu ya lake. Baada ya hayo ndipo alipomwandikia mtu wa mjini. Yule aliondoa maneno na picha, akaziandika kanuni upya kwa lugha yake, na programu yake ikaendelea. Kijana iliendelea kumuuma, lakini hakudai zaidi, kwa maana hapakubaki kilicho chake pale.

Katika programu ya mjini, nyumba sasa hufananishwa na benki. Katika ile ya Kisiwani ingali ndiva, na chini ya mfano huo pana jina la mtu aliyeuwaza mbali na kwao.