Umeme Unaorudi

Celica ya baba ni ya mwaka 1992, nyekundu iliyopauka kama khanga ya shambani, na taa zake kubwa hulala ndani ya boneti mpaka uziwashe. Ukizungusha swichi zinainuka, macho mawili juu ya pua bapa. Watoto wa Lipangalala wanaliita gari hilo Chura. Jioni baba akitoka wanakimbia pembeni wakipiga kelele, "Chura amka! Chura amka!" na yeye, mzee wa miaka 72, anazilaza na kuziinua mara mbili tatu ili wacheke.

Taa za namna hii hazitengenezwi tena. Celica yenyewe iliziacha kwenye toleo lililofuata, mwishoni mwa 1993, na magari ya mwisho kutoka kiwandani yakiwa nazo yalikoma 2004. Baba alilinunua lake Dar es Salaam, mkono wa tatu, kwa sababu moja tu: katika Safari Rally ya 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiongoza. Zile zilikuwa na turbo na zilivuta magurudumu yote manne. La baba linavuta ya mbele tu. Ukimkumbusha hilo anasema, "Damu ni ileile."

Mwaka huu alianza kulalamika kwamba taa zinafifia. Alisema hivyo baada ya usiku mmoja, akitoka Kibaoni, kuponea chupuchupu kumgonga mtu wa baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli. Zinabeba mpunga, mkaa, mama na watoto wawili, na nyingi hazina taa wala kioo cha kuakisi nyuma. Mtu wa baiskeli alirukia mtaroni na gunia lake. Hakuumia, ila alitukana, na baba alikaa nje ya geti robo saa kabla ya kuingia ndani. Kesho yake akampelekea gari fundi mmoja wa mjini, ambaye alitoa balbu za wati 55 akafunga za wati 100. Wiki moja kukawa kweupe. Wiki ya pili taa zikawa hafifu kuliko mwanzo, na kukawa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Kuna maelezo mengine ya taa kufifia, na kila mtu nyumbani aliyajua. Baba alikuwa akisogeza gazeti mbali, kisha karibu, kisha analikunja. Alishindwa kumtambua jirani aliyemsalimia kutoka upande wa jua. Lakini nani angemwambia? Huyu ni mtu aliyeendesha treni za TAZARA miaka 26. Amepita Selous usiku zaidi ya mara anazoweza kuhesabu, akisoma reli ndani ya mwanga wa taa moja, akitafuta kivuli cha tembo kabla tembo hajawa tembo. Macho ndiyo yaliyotulisha.

Dada yangu alinipigia simu kutoka Morogoro aliposikia nakuja. Mimi kazi yangu ni kufunga umeme wa jua, na baba alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba binti yake atamaliza tatizo.

"Usizitengeneze hizo taa," dada akasema. "Ziache hivyohivyo. Zikiwa mbovu hatatoka usiku."

"Dada, atatoka tu."

"Basi ukizitengeneza, atakayegongwa ni wako."

Nilimwelewa, na sikuwa na jibu la kumpa. Ila niliona jambo moja: taa zikiwa mbovu, baba atazisingizia taa mpaka mwisho. Hakuna atakayejua kinachofifia ni kipi.

Nilifika Jumamosi, nikampa shikamoo, na kabla sijanywa maji alikuwa ameshafungua boneti. "Mama, tazama mwenyewe," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Soketi ya kushoto ilikuwa imeiva rangi ya kahawia na pini moja imezama ndani ya plastiki. Hiyo ilikuwa kazi ya wati 100. Balbu ya wati 55 inakula ampea karibu 4.6 kwenye umeme wa volti 12. Ya wati 100 inakula zaidi ya 8. Ukilazimisha ampea hizo zote zipite kwenye waya na soketi vilivyopangiwa nusu yake, mahali palipo dhaifu panageuka jiko. Lakini balbu kubwa haikuleta ugonjwa. Iliukuta.

Mafundi wengi wanapima taa kwa kuchomoa balbu na kugusisha testa kwenye soketi. Testa ikiwaka wanasema waya ni mzima. Kipimo hicho kinadanganya. Waya wenye nyuzi 20 ukikatika 19, uzi mmoja uliobaki unatosha kuonyesha volti zote, maana hakuna mzigo. Ni kama daraja la mti mmoja: mtoto anapita, fuso haipiti. Kwa hiyo unapima taa zikiwa zinawaka na injini ikinguruma, na unapima kila kipande cha njia, kwenda na kurudi.

Nilimweka baba kwenye usukani na nikaanza. Betri: volti 14.1. Kwenye pini za balbu ya kushoto: 11.2. Karibu volti tatu zimepotea njiani. Hasara ya namna hiyo si ndogo kama inavyosikika, kwa kuwa mwanga wa balbu hizi huanguka haraka kuliko volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Baba alikuwa akiendesha na chini ya nusu ya mwanga wake.

"Nilikwambia," akasema alipoona mita. Alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Upande wa kwenda, kutoka betri hadi balbu, ilipotea 0.6 tu. Zilizobaki, 2.3, zilipotea upande wa kurudi. Watu hufikiria umeme kama maji ya bomba, yanafika unakinga, basi. Umeme usipopata njia ya kurudi kwenye betri haufanyi kazi yoyote. Na kwenye Toyota nyingi za wakati ule, swichi ya fulu na dimu haikai upande wa kwenda. Inakaa upande wa kurudi. Marejeo yote ya taa yanasafiri mpaka kwenye usukani, yanapita kwenye swichi, ndipo yanafungwa kwa bolti kwenye bodi, njia ambayo mafundi wanaiita ethi.

Bolti hiyo niliikuta chini ya zulia la miguuni. Mto Lumemo ukifurika maji huingia mpaka mitaani, na gari hili limewahi kulala ndani ya maji hayo. Zulia lilikauka juu, chini halikukauka. Bolti ilikuwa na unga wa kijani na kutu yenye matabaka kama maganda ya kitunguu. Mahali pa pili palikuwa kwenye bawaba ya taa yenyewe. Kila taa inapoinuka na kulala, waya hujikunja pale pale. Nje ganda lilikuwa zima kabisa. Nilipoliminya kwa vidole likalegea kama mrija mtupu. Nilipolichana nikakuta nyuzi nne zimeshikana, nyingine zote zimekatika.

Sikumwambia baba nini kilizikata. Chura amka, Chura lala, miaka yote hiyo, kwa ajili ya watoto.

Kazi ilichukua siku moja na nusu. Bolti nilipiga msasa mpaka bati likang'aa, nikapaka grisi. Kwenye bawaba niliweka waya mpya wenye nyuzi nyembamba nyingi, nikaacha mzunguko wa ziada ili ukunjike bila kuvutwa. Soketi nilifunga za kauri. Nikaongeza rilei mbili na fyuzi zake karibu na betri, ili swichi ya usukani ibaki kutoa amri tu na umeme mzito upite njia fupi. Balbu nikarudisha za wati 55. Nikapima: 13.7 kulia, 13.7 kushoto.

Saa mbili usiku tulitoka, mimi nikiendesha, kuelekea daraja la Mto Kilombero. Ilikuwa kiangazi, mpunga umeshavunwa, hakuna mvua wala vumbi. Mwanga ulilala barabarani mweupe na mpana, ukaokota nguzo, mbuzi, tairi la baiskeli mbali kabisa.

"Unaonaje, baba?"

Alinyamaza. Fuso ikatokea mbele na akainua mkono kujikinga, mapema mno, kama mtu anayemwagiwa maji. Ilipopita akasema, "Leo kuna ukungu."

Sikujibu. Nilishusha kioo nikatoa mkono nje, hewa ilikuwa kavu.

Kabla ya daraja akaniambia nisimame. Alishuka akaenda mbele ya gari, akainama, akatazama taa ya kulia, kisha ya kushoto, kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akikagua kichwa cha treni kabla ya zamu. Akageuka akatazama kivuli chake kilivyonyooka barabarani mpaka kikapotelea gizani. Aliporudi kwenye kiti alifunga mkanda kwanza.

"Taa nzima," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kazi safi." Akapiga dashibodi kwa kiganja, mara mbili. "Tukifika nyumbani mpigie dada yako. Muulize ile kliniki ya macho ni siku gani."