Maoni ya Mtoto Darasani

Katika darasa langu la tano hapa Kamina nilitaka kuwafundisha watoto kuandika maoni yao. Nilidhani ni kazi nyepesi. Neno lenyewe "maoni" latokana na kuona, na macho wanayo: njia za reli za Lubumbashi, Ilebo na Kabalo zakutana mjini mwetu, na mambo ya stesheni wanayajua kuliko mimi. Basi nikaandika ubaoni: "Je, yafaa mtoto auze karanga stesheni siku ya masomo?" Nikawaruhusu wajibu kwa Kiswahili, maana Kifaransa chao bado ni cha kukariri.

Niliposahihisha madaftari, nilikuta karibu wote wameandika sentensi moja: "Haifai, kwa sababu Mwalimu amekataza." Sikuwalaumu. Sisi waalimu ndio tuliowazoeza hivyo. Katika katekisimu jibu limekwisha kuandikwa, na ndivyo ipasavyo, maana imani tumeipokea. Lakini karanga za stesheni hazimo katika katekisimu.

Msichana mmoja tu aliandika vingine: "Yafaa, kwa sababu gari la moshi halina siku yake. Likifika nauza, na fedha hiyo ndiyo iliyonunua daftari hili."

Nakiri kwamba kalamu yangu nyekundu ilikwisha kuandika "Sivyo" kabla sijafikiri. Mtoto huyo nilikuwa nimemwadhibu mara mbili kwa kuchelewa, wala sikumwuliza sababu. Ni kweli, tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali, pamoja na zile ziongozwazo na Kanisa kwa mapatano nayo, hayalipiwi tena. Lakini daftari hununuliwa, na kalamu, na sare.

Nikaifuta ile "Sivyo". Hata hivyo sikupenda kumsifu tu nikaishia hapo. Seminarini tulimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye kabla ya kueleza lake hutaja kwanza hoja za wanaompinga, wala hazipunguzi nguvu, ndipo huzijibu moja moja. Nikamwita msichana nikamwambia, "Mwanangu, sasa andika atakalosema mtu anayekukataa."

Akaniuliza, "Mwalimu, utanipunguzia alama?"

Nikamjibu, "La."

Kesho yake akaleta mistari miwili: "Atasema ninapitwa na hesabu. Ni kweli, Mwalimu. Siku ya sehemu sikuwapo, na mpaka leo sizijui."

Adhabu zangu mbili hazikunijulisha neno hilo. Sasa jioni tatu kila juma ninamfundisha sehemu, yeye na wenzake wanne wauzao karanga. Tunatumia kopo lao lenyewe la kupimia: nusu, robo, theluthi. Na gari la moshi likilia kabla hatujamaliza, twaacha papo hapo, wakimbie.