Tazama Miji ya Pwani Kabla ya Kuuza Shamba

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika vijiji vya Wilaya ya Pangani. Huku minazi inaota karibu sana na bahari. Zamani mashamba ya ufukweni hayakuwa na wanunuzi wengi. Siku hizi wanunuzi wanakuja. Wanatafuta mahali pa kujenga hoteli za watalii.

Mzee mmoja wa kijijini kwetu ana shamba la namna hiyo. Mnunuzi alipokuja, kijana wake alitaka shamba liuzwe ili anunue pikipiki. Mzee aliniuliza, "Bwana Shamba, wewe unasemaje?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, shamba ni lako. Lakini mnunuzi anajua wageni wanataka nini katika ufuko huu. Sisi hatujui. Twende tukaone kwanza."

Tulifunga safari watu watatu: mzee, kijana wake na mimi.

Tulianza na Tanga. Mji huu ulikua kwa zao la mkonge. Miche ya kwanza ya mkonge ililetwa nchini mwaka 1893. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inauza katani nyingi sana duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ya katani ikaanguka. Mashamba mengi yakageuka msitu. Nikamwambia kijana, "Anayetegemea kitu kimoja huanguka nacho."

Kutoka Tanga tulipanda basi hadi Bagamoyo. Wajerumani waliufanya mji huu kuwa makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Leo wageni huja kuona magofu ya Kaole, misikiti na makaburi ya kale. Kumbe hata mawe ya kale ni mali yakitunzwa!

Karibu na mji tulikutana na mvuvi mmoja. Yeye aliuza kiwanja chake cha ufukweni. Fedha zilikwisha kabla ya miaka miwili. Sasa ni mlinzi wa usiku katika kiwanja kile kile. Alisema, "Nalinda minazi aliyoipanda baba yangu, lakini siruhusiwi kuangua hata dafu moja." Mzee alinyamaza kwa muda mrefu.

Tukaingia Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2022 jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728. Watu wote hao wanakula, lakini wengi wao hawalimi. Jumapili tulikwenda ufuko wa Coco. Watu walijaa wakioga baharini na kupunga upepo. Walikuwa wanakula nini? Mihogo ya kukaanga na ya kuchoma, pamoja na madafu! Mzee alicheka. Alisema, "Mhogo tunaouona chakula cha shida, hapa ni chakula cha starehe." Aliuliza bei ya dafu moja. Alipojibiwa, akauliza tena, maana hakuamini. Kijana wake hakusema neno, ila alihesabu kwa vidole.

Mwisho tulivuka kwa boti hadi Unguja. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tuliona vichochoro vyake na milango yake ya kuchongwa. Kisha tulikwenda Paje, upande wa mashariki. Hoteli ni nyingi huko. Maji yalipokupwa tuliwaona akina mama wakivuna mwani mbele ya hoteli hizo. Mama mmoja alitueleza kwamba mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia duniani, watalii walipotea. Waliokuwa na kazi ya hoteli tu walipata shida kubwa. Wenye shamba walikula.

Safari ilitugharimu nauli, malazi na siku tisa. Lakini tulirudi na hesabu. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa ukiwa na miaka sita au saba. Ukitunzwa unaweza kuzaa kwa zaidi ya miaka 60. Dafu huanguliwa likiwa na miezi saba hivi. Nazi hukomaa kwa miezi 12. Basi, anayeuza shamba la minazi anauza mavuno ya watoto na wajukuu.

Mzee hakuuza. Kijana wake sasa anapeleka madafu katika nyumba mbili za wageni. Pikipiki bado hajanunua, na mara nyingine hunung'unika. Nami simlaumu, maana ujana una haraka.

Ndugu msomaji, sisemi hoteli ni mbaya. Hoteli inanunua samaki, mayai, mchicha na madafu yetu. Lakini kumbuka mambo haya:

Usiuze ardhi kwa siri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji ikubali kwanza.

Jua kwamba ufuko una ulinzi wa sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufuko, ndani ya mita 60 kutoka baharini.

Usiangue madafu yote. Acha mengine yawe nazi za kula na za mbegu.

Na ukipata nauli, nenda ukaitazame miji ya pwani. Itazame kwa macho ya mkulima. Uliza bei, uliza wageni wanakula nini, uliza nani aliuza na sasa anaishi vipi. Ukisharudi nyumbani, ndipo ukae na jamaa zako muamue.