Kumpima Baba

Seremala wetu hapa Kewanja hutengeneza vitu vitatu: vitanda, milango na masanduku ya kuzikia. Ndiyo maana siku nilipompelekea vipimo nilivyoviandika nyuma ya daftari, urefu sentimita 185, upana 70, kina 30, alikisoma kikaratasi, akanitazama, kisha akavua kofia.

"Pole sana, mwalimu. Mzee ametutoka lini?"

Nilimweleza kwamba mzee yuko nyumbani anakula ugali wa mtama, na kwamba sanduku nilitakalo ni la kutia ndani ya Land Rover yetu ili liwe kitanda. Hakuirudisha kofia kichwani mara moja. Alirudia maneno yangu polepole, kama mtu anayesahihisha insha ya mwanafunzi mzembe: "Sanduku. La mzee. La kulalia. Ndani ya gari."

Kosa lilikuwa langu, nami ndiye mwalimu wa Kiswahili. Tuna sanduku la nguo la bibi harusi, sanduku la posta, sanduku la kura na sanduku la maiti. Neno ni lile lile; linaloamua ni kile kifuatacho baada ya "la". Mimi nilikuwa nimesema "sanduku la mzee", na katika kijiji ambacho kila mtu anajua hali ya nyonga ya baba yangu, sentensi hiyo ilikuwa imekwisha kujieleza.

Gari lenyewe lilikuwa limesimama chini ya mkaratusi kwa miaka, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Ni Land Rover 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu sentimita 277. Baba aliendesha gari la namna hiyo akiwapeleka watalii Serengeti kwa miaka 28, na waliokuwa waajiri wake walipoamua kuyauza magari makuukuu, alilinunua moja. Usiniulize kwa nini. Mtu aliyefungwa miaka 28 hanunui mlango wa gereza. Lakini dereva hununua gari.

Sababu ya kulifufua ilianza kwa neno moja. Jioni moja nilimwambia kwamba amelala Serengeti usiku mwingi kuliko simba yeyote, kwa kuwa simba dume ni nadra kufikisha miaka 15 porini. Akakataa.

"Sijawahi kulala kule."

"Baba, miaka yote hiyo?"

"Nimekaa kule. Wageni walilala hemani, mimi nilikaa kwenye usukani nikafumba macho. Kulala ni kunyoosha miguu."

Sasa nyonga haimruhusu kulala chini wala kuinuka kutoka chini. Hema, kwa hiyo, halifai. Hema la juu ya paa, ambalo hupandwa kwa ngazi, halifai zaidi. Nyumba za wageni za ndani ya hifadhi zina bei ambazo mwalimu huzisoma kama hadithi za kubuni. Lilibaki gari.

Nilimpima adhuhuri, akiwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba kibarazani, nikidhani amesinzia. Nilikuwa nimefika magotini wakati Mama alipotokea jikoni, akaona futi ya chuma imenyooshwa juu ya mume wake aliyefumba macho. Sitaandika aliyoyasema. Aliipokonya ile futi na kuitupa uwanjani. Baba alifungua jicho moja.

"Ongeza upana, mura. Maiti hajigeuzi, mimi najigeuza."

Basi upana ukawa 90, ambao ndio mwisho wa uwezo wa Land Rover kati ya masanduku mawili ya bati yanayofunika magurudumu ya nyuma. (Tazama, sanduku tena.) Tuling'oa viti vyote vya nyuma, tukabakiwa na chumba chembamba kirefu kisicho na huruma. Wanaotunga mashairi watanielewa: shairi lililopangiwa mizani 16 katika mstari halipokei ya 17, hata kama hiyo ya 17 ndiyo yenye maana yote. Nilitaka kitanda, maji, jiko, taa na nafasi ya mtu wa pili. Gari lilinirudishia beti nzima nzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa la chuma. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, na hata kabla yake enzi za wachimbaji wadogo, Nyamongo imekuwa na mafundi wa kuchomelea ambao mikono yao imezoea vitu vya kubeba mawe. Kijana aliyenitengenezea fremu ya kitanda alifanya kazi safi, ila aliifanya kana kwamba Baba ni tani mbili za mwamba. Tulipoipakia, nyuma ya gari ikakaa kitako. Springi za 109 ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vya kwetu vilikuwa vimechoka zamani. Tukaishusha. Siku hizi fremu hiyo ni banda la mbuzi, na mbuzi wanaonekana kuridhika.

Jambo la pili tulilojifunza kwa hasara ni bodi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma cha pua baada ya Vita Kuu ya Pili, na waliounda gari hilo wakachagua kuifanya bodi kwa alumini. Fundi wangu aliwasha mashine yake ya kuchomelea chuma, akagusa ubavu wa gari, na ukatoboka tundu la ukubwa wa shilingi. Alumini haichomelewi kwa mashine ile. Hutobolewa na kufungwa kwa riveti. Isitoshe, chuma kikigusana na alumini penye unyevunyevu, alumini huliwa taratibu ikawa unga mweupe. Kila mahali tulipofunga bawaba au pembe ya chuma tulitanguliza kipande cha mpira wa tyubu kuukuu.

Hapo ndipo niliporudi kwa seremala, na hapo ndipo alipovua kofia. Alipoelewa, alifanya kazi ambayo bado naionea fahari. Mbao za msonobari kwa uzani mwepesi, plaiwudi juu, na chini ya kitanda sehemu mbili za kuvuta: moja ya vyombo na mtungi mdogo wa gesi, nyingine ya nguo na dawa. Kiswahili chetu cha zamani huita kitu hicho mtoto wa meza. Wanafunzi wangu husema "droo", na sina ugomvi nao, lakini nilifurahi kumsikia seremala asiyesoma zaidi ya darasa la saba akisema, "Watoto wa meza hawa wamezaliwa bila meza." Nusura nimpe chaki.

Madirisha ya pembeni tuliyafunga wavu wa mbu, tukashona mapazia ya kitenge. Maji lita 40 tuliyaweka chini kabisa, nyuma ya viti vya mbele, maana lita 40 ni kilo 40 na uzito wa juu huliyumbisha gari refu. Baba alitaka jiko la mkaa liingie ndani usiku, kwa kuwa baridi humwingia nyongani. Nilikataa, tukanuniana siku mbili. Mkaa uwakao ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Badala yake Mama alitoa blanketi zito la sanduku lake, lile la harusi. Huo ulikuwa msamaha wake, ingawa hakuuita hivyo.

Na paa! Gari hili lina mapaa mawili, bati juu ya bati, hewa ikipita katikati. La juu hupokea jua, la chini hubaki na ubaridi, na kuna vijilango vidogo vya kupitishia upepo darini. Vyetu vilikuwa vimezibwa kwa rangi za miaka mingi. Nilivikwangua kwa kisu, kimoja kimoja, nikiwa nimelala chali pale ambapo Baba angelala. Visipofunguliwa, pumzi za watu wawili hugeuka matone alfajiri na kuwanyeshea. Waingereza huliita paa hilo "safari", kwa neno walilolichukua kwetu. Kwetu safari ni kwenda msibani Musoma au hospitalini Mwanza. Kwao ni kwenda kuwatazama wanyama. Neno lilitoka hapa likiwa na mzigo kichwani, likarudi limevaa kofia pana na darubini.

Ilibaki kuliita gari jina. "Gari la kulala" haikufaa. Mama alishasema kwamba gari likilala ni balaa, na anasema kweli, kwani "gari limelala" kwa Kiswahili cha barabarani ni gari lililoharibika njiani au lililopinduka. "Nyumba ya magurudumu" inanukia tafsiri. Mwishowe nikakumbuka ago, neno la wasafiri wa kale kwa mahali pa kutua njiani, ambalo wengi wetu tunalijua kwa sababu ya ile methali inayomkataza msafiri kuchafua alipolala, asije akarudi papo hapo. Nilimwambia Baba. Alilitafuna kidogo. "Ago," akasema. "Hilo halina uongo."

Tulitoka Kewanja alfajiri, vilima vya kifusi cha mgodi vikiwa bado vyeusi nyuma yetu. Tulivuka daraja la Mto Mara kuingia Wilaya ya Serengeti. Maji yale yale hutoka msitu wa Mau nchini Kenya, hupita pale nyumbu wanapovuka huku mamba wakiwangoja, kisha huja kwetu kunywewa na ng'ombe kabla ya kumwagika Ziwa Victoria. Nimeishi kando yake maisha yangu yote na nyumbu wale nilikuwa nimewaona kwenye televisheni tu. Mugumu tulijaza mafuta. Langoni Ikoma askari kijana aliuliza tuna mahema mangapi.

"Hatuna hema," nikajibu.

"Sasa mtalala wapi? Kulala ni kambini tu, na usiku hakuna kuendesha."

"Najua sheria hizo kabla hujazaliwa," Baba akasema, si kwa ukali. "Tuna ago."

Kijana alizunguka nyuma, akafungua mlango, akavuta mtoto mmoja wa meza, akamrudisha. Kisha akamwamkia Baba shikamoo, jambo ambalo nadhani alikuwa amelisahau mwanzoni kwa sababu ya shughuli.

Tulipiga kambi Pimbi, karibu na Seronera. Kambi hiyo haina uzio. Pimbi wenyewe wako kwenye majabali, wanene, wamekaa kama wazee wa baraza. Baba alinionyesha kwa fimbo mahali alipokuwa akiegesha gari: upande huu, pua kuelekea njia, ili ikitokea shida usipoteze muda kugeuza. Nikaegesha hivyo hivyo. Nikapika, tukala, nikamtandikia kitanda na blanketi la Mama, nami nikajikunja kwenye kiti cha mbele cha abiria.

Katikati ya usiku fisi walianza kulia, nikashtuka. Baba alikuwa kando yangu, nyuma ya usukani, shuka mabegani, mkono mmoja umeegemea gia. Alikuwa amelala usingizi mzito wa mtu aliye mahali pake. Sijui alihama saa ngapi, wala alivukaje na ile nyonga. Nilimtazama kwa muda mrefu. Kisha nikaenda nyuma nikalala kwenye kitanda nilichompimia, na kwa kuwa mimi ni mrefu kumshinda, miguu yangu iligonga mlango.

Asubuhi alikuwa amenitangulia kuamka na ameketi kwenye bampa akingoja chai.

"Kitanda ni kizuri," akasema.

"Kimekufaa?"

"Kizuri sana."

Tulizunguka kutwa. Yeye hakutazama wanyama sana. Alitazama barabara, akataja madereva wenzake waliokwama hapa na pale miaka ya themanini, wengi wao marehemu. Jioni nyonga ilimuuma. Nilimpa dawa, nikamsaidia kupanda kwa mlango wa nyuma, na safari hii aliketi ukingoni mwa kitanda, akapapasa mbao kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe. Nilikuwa nimeweka mto nyuma, mlangoni. Akauchukua, akanikabidhi.

"Upeleke kule mbele. Kichwa kielekee usukani."