Kinoru Wakati wa Magharibi

Juzi tulipanda kutoka Pwani hadi Meru, tukashuka kituoni na kutembea hadi Kinoru, mtaa mkongwe wenye uwanja mashuhuri wa mpira. Adhana ilitukuta njiani pamoja na akina mama waliokuwa wakirejea makwao, mbali zaidi. Unafuu wa kodi ya huko humezwa na nauli.

Kwa sheria ya mwaka 2024, mwajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba nafuu. Basi na zijengwe karibu na vituo vya matatu, huku jirani wa zamani akihifadhiwa mwanga wake, maji yake na njia yake. Mama naye afike kwake kabla ya giza. Wallahu aalam.