Wiki nzima bila samaki sebuleni

Siku hizi ukikaribishwa kwenye sebule za watu hapa Dar unakutana na mengi. Zamani pambo lilikuwa kabati la vyombo, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na kalenda ya mwaka juzi. Sasa kuna nyumba zina bahari ndogo pembeni ya televisheni: tangi la vioo, taa ya buluu, changarawe za rangi, na samaki wanaozunguka mchana kutwa bila kulipa kodi. Sisi tunao watano, wale wekundu wenye mikia kama mtandio. Hawaliwi, hawauzwi, kazi yao kutazamwa tu.

Na kwetu wana mtazamaji mkubwa mmoja. Baba mkwe wangu ni fundi wa majahazi wa zamani, mtu wa Bagamoyo. Tangu alipopata kiharusi mwaka 2023 upande wa kushoto umelegea na maneno yamekuwa ya kutafuta. Kila alasiri anajikongoja mpaka kwenye kiti chake mbele ya tangi, anakaa hapo hadi taarifa ya habari. Wale samaki kawapa majina ya majahazi aliyoyaunda, na ajabu ni kwamba hayo majina matano yanamtoka bila kukwama hata mara moja. Kwa hiyo mimi lile tangi naliweka fungu moja na vidonge vyake vya presha.

Sasa Jumatatu moja asubuhi nikaona kitambaa cha meza kimelowa kona ya nyuma. Maji ya kijiko hivi, si zaidi. Mwenye nyumba hayupo, yuko na lori lake njia ya Tunduma, simu yake inapatikana kwa bahati nasibu. Kabla ya kugusa hata tambara nikachomoa plagi zote ukutani: ya taa, ya pampu ya hewa, ya kichujio. Nasema kuchomoa ukutani, si kubonyeza swichi ya ekstensheni, maana ekstensheni yenyewe ilikuwa chini ya meza inasubiri kunyeshewa. Maji na umeme vikikutana pale unaposimama peku, ndugu yangu, hakuna wa kusimulia. Na nyumba hii ina mzee anayeiegemea ile meza kila akinyanyuka.

Halafu, hakikisha kwanza kwamba ni mvujo kweli. Tangi ukilitia maji ya baridi siku ya joto hutoka jasho kama chupa ya soda. Mpira wa pampu nao unaweza kupitisha tone kwa nje, na waya vilevile. Mimi nilifuta pande zote zikakauka, nikabandika vipande vya tishu kwenye kila muungo, nikakaa na chai yangu. Robo saa haikuisha, kipande cha kona ya nyuma kikalowa chapachapa. Hata hivyo pale panapolowa si lazima pawe ndipo palipotoboka. Maji ni mjanja, yanaingia kwenye muungo huku yanatokea kule.

Jirani akaniletea fundi wa vioo, kijana mchangamfu kweli. Akatazama mara moja tu. “Mama, hii kitu ndogo. Napaka silikoni kwa nje hapa, jioni unarudisha samaki wako.” Bei yake nzuri, na Baba pale mlangoni alishaanza kutabasamu. Nikampa soda, nikamshukuru, akaenda zake. Ukipaka kwa nje, maji yaliyo ndani yanaisukuma ile silikoni iachie kioo. Ukipaka kwa ndani, maji hayohayo yanaigandamiza ishike. Na si maji ya mchezo. Tangi letu lina urefu wa sentimita 90, upana 40, kina 45. Zidisha mwenyewe: likijaa pomoni ni lita 162. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo hapo sebuleni kuna mifuko mitatu ya saruji na ushee, bado vioo na changarawe. Mzigo wote huo umeshikwa na mistari ya gundi myembamba kuliko kidole changu cha mwisho.

Samaki nikawahamishia nyuma ya nyumba, kwenye nusu pipa ambalo halijawahi kuona sabuni, kwa maji yaleyale ya tangi, na pampu ya hewa kwenye soketi ya juu mbali na maji. Sponji ya kichujio nayo nikaiweka humohumo, kwa sababu wadudu wadogo wanaosafisha maji wanaishi ndani yake na ikikauka wanakufa. Pipa likafunikwa, maana samaki hawa wanaruka. Jirani alinipa chandarua nifunikie, nikakikataa. Vyandarua vyetu vingi vina dawa ya mbu, na dawa ile kwa samaki ni sumu kali. Nikaweka wavu wa kuanikia dagaa.

Baba tulimsogeza akawaone. Akachungulia, akarudi chumbani kulala. Samaki ukimtazama kwa juu ni mgongo tu, na rangi ya pipa ikamaliza kabisa. Siku ile hakutaja hata jina moja, na kesho yake hivyohivyo. Hapo ndipo haraka ilipoanza kunikaba koo, na yule kijana wa “jioni unarudisha” akawa ananijia kichwani kila saa.

Tangi nililinyonya maji kwa mpira mpaka likakauka, ndipo mimi na jirani tukalibeba. Halibebwi na maji hata ya sentimita tano: maji yanacheza, kioo kinapinda, na kona inayovuja inafunguka yote. Tulipoliondoa, Baba akawa ameamka, yuko kwenye kiti. Akafumba jicho moja akaitazama ile meza mitupu. “Chombo kimelala.” Maneno mawili. Nikaazima pima maji kwa mwashi wa mtaa wa pili, kweli bwana, tone la hewa limekimbilia upande. Mguu mmoja wa meza mchwa wameufaidi kwa chini, siku zote nguo ya meza imeuficha. Tangi likikaa kwenye meza iliyopinda, kona moja inabeba mzigo wa wenzake, na muungo unachoka kidogo kidogo. Bila jicho la yule mzee ningeziba kona na kuirudisha juu ya ugonjwa uleule. Seremala akaitwa, Baba akamwelekeza kwa fimbo.

Kazi ya kubandua ndiyo inayokula mikono. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu, kwa hiyo hakuna cha kuweka kiraka. Nilichonga mstari wote wa ndani, kona zote nne na chini kuzunguka, kwa wembe uliolazwa. Ila ile silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse, hiyo ndiyo inayolishikilia tangi zima lisiachane. Nyembe tano ziliisha. Nikafuta vioo kwa spiriti na kitambaa safi, na baada ya hapo kidole hakigusi, kwani hata mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu. Laiti ningekuta ufa kwenye kioo chenyewe, basi ningesimama hapo. Ufa hauzibwi, kioo kinabadilishwa.

Dukani muuzaji alinipa silikoni ya bafuni, eti yote ni moja. Si moja. Ile ya bafuni huwekwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inawadhuru samaki. Unayotaka ni silikoni tupu, asilimia 100, isiyo na dawa. Nyingi za aina hiyo zikikamuliwa zinanuka siki. Nikabandika gundi ya karatasi ya wapaka rangi pande mbili za kila muungo, nikakamua mstari mmoja bila kukatiza, nikalaza kwa kidole kilichovaa glavu, nikavuta karatasi kabla haijaanza kuganda. Hapo ni dakika chache tu, hakuna kupokea simu. Madirisha wazi, maana ile harufu inakera macho. Shoga zangu wawili walikuwa mlangoni wanacheka: mwanamke na bunduki ya silikoni wapi na wapi. Nikawaacha wacheke.

Sasa kusubiri. Silikoni hii inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kuanzia juu kwenda ndani, kama milimita tatu kwa siku. Ukiigusa baada ya saa moja unaona imeganda, kumbe tumboni bado uji. Jua wala feni haviiharakishi sana. Nikasema siku tatu kamili, kuanzia Jumanne.

Jumatano jioni Baba akaniita. Aliyatafuta maneno muda mrefu, mkono mzima ukimsaidia. Alikuwa anataka nitie maji. Kwao jahazi likishapigwa kalafati, ile pamba ya mafuta inayoshindiliwa kati ya mbao, linashushwa majini na linavuja. Ndiyo, linavuja, na hakuna anayeshtuka. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana na pamba, lenyewe linajiziba. “Litie maji,” akasema, “litakunywa.” Mpenzi msomaji, huyu mtu kaunda vyombo vilivyovuka kwenda Unguja na Mafia, mimi ni nani nimbishie? Lakini kioo hakinywi. Kioo kikianza kuvuja hakivimbi kikajiziba, tundu linapanuka tu. Nikamwambia hivyo kwa adabu, nimechutama mbele ya kiti chake. Akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi. Baadaye akauliza, “Abiria?” Nikasema, “Hapana, Baba. Hakuna abiria mpaka lipimwe.” Akaitikia kwa kichwa. Hapo tulielewana, kwamba chombo kipya hakipakiwi watu siku ya kwanza.

Ijumaa asubuhi tangi likatoka barazani, kwenye sakafu ya saruji iliyopimwa, juu ya kipande cha lile boksi jeupe linalokuja na friji. Hilo ni kwa tangi lisilo na fremu kama letu. Lenye fremu ya plastiki hukaa kwenye fremu yake. Pembeni kuzunguka nikapanga magazeti, kwa sababu karatasi kavu inasema ukweli kuliko macho. Watoto nikawapeleka kwa bibi yao mwingine, viatu miguuni, na kifaa chochote cha umeme marufuku barazani. Maji matupu ya bomba, theluthi moja tu, kisha nikaenda kupika. Kusimama mbele ya kile kioo kirefu kulitazama si ushujaa, kikiachia kinakuja na kila kitu.

Mchana magazeti makavu. Nikaongeza hadi nusu, nikaweka alama ya kalamu usawa wa maji, nikafunika ili yasipungue kwa jua nikaanza kushuku bure. Hapo yakalala. Jumamosi nikajaza mpaka juu. Watu wengi wanafikiri hatari ni wingi wa maji, kumbe ni kina: nguvu inayosukuma kioo kule chini inaongezeka kadiri maji yanavyopanda, tangi liwe fupi au refu. Ndiyo maana kilichotulia nusu kinaweza kukusaliti kikijaa. Na kikisaliti hupaki kitu, unavuta mpira unayatoa maji haraka. Baba alihamisha kiti chake barazani, mbali kidogo nilipomwonyesha, akalinda lile tangi tupu la samaki siku mbili kama mlinzi wa benki. Kila saa ananyoosha fimbo kwenye gazeti: kavu.

Jumapili jioni nikalimwaga, nikalisuuza mara mbili. Maji mapya nilikuwa nimeyakinga kwenye mapipa tangu jana yake ili klorini ipungue, nikayachanganya na ya zamani. Jumatatu tangi likapanda juu ya meza yenye mguu mpya. Ekstensheni nimeihamishia ukutani juu ya usawa wa meza, na kila waya unashuka chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, tone likifuata waya lidondoke sakafuni.

Samaki wa tano aliingia saa kumi jioni. Baba akawaita wote, mmoja mmoja, na kwa yule mwenye doa jeupe akaongeza neno ambalo sijawahi kulisikia kwake tangu augue: “Mjinga.” Mume wangu alipiga simu usiku kutoka Makambako, anauliza kuna jipya gani nyumbani. Nikamwambia muulize baba yako. Silikoni iliyobaki jirani kaiomba azibe sinki lake, na nyembe nimemwambia anunue mwenyewe.