Ritifaa

Mwezi Novemba, miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliingia ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki na uso wa mtu asiyelala. Ni Msukuma, na jina la babu yake linaanza na Ng', sauti ile ile ya ng'ombe na ng'ambo. Alipojaza maombi ya mkopo katika mfumo wa ofisi moja ya umma, skrini ilimjibu kwa maandishi mekundu kwamba jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Akaiondoa ritifaa, mfumo ukampokea. Wiki tatu baadaye mfumo huohuo ukamwarifu kwamba jina alilojaza halilingani na lililo kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Dirisha la maombi lilikuwa limekwisha kufungwa.

Muhula ule aliumaliza kwa kubebana bwenini, wawili kitanda kimoja, na kwa mlo mmoja kwa siku. Niliandika barua, nikapiga simu. Afisa mmoja muungwana alinieleza kwa upole kwamba "mfumo ndio unaokataa." Watumishi wa umma mnaonisoma mnaijua sentensi hiyo. Karani wa zamani aliyekunyima haki yako alikuwa na sura na kiti. Uliweza kumsubiri mlangoni au kumshitaki kwa mkubwa wake. Mfumo hauna mkubwa.

Mimi hufundisha uandishi wa programu, kwa hiyo nilikisia mara moja kilichokuwa nyuma ya skrini ile. Ni kipande cha msimbo cha mstari mmoja:

^[A-Za-z ]+$

Maana yake ni hii: tangu mwanzo wa jina hadi mwisho wake, kubali herufi A hadi Z, kubwa au ndogo, pamoja na nafasi, kingine chochote kikatae. Jioni ile nilifungua kabrasha la somo langu la mwaka wa pili, ambalo nilikuwa nimeligawa kwa miaka 8. Mstari ule ulikuwemo, ukurasa wa 14, chini ya kichwa "Kuhakiki jina." Sina ushahidi kwamba aliyejenga mfumo ule aliutoa kwangu. Upo kila mahali. Nami niliunakili mahali nisipopakumbuka. Lakini vijana niliowafundisha ni mamia, na baadhi yao ndio wanaojenga mifumo ya ofisi zetu.

Sisemi kwamba kunakili ni dhambi. Hakuna anayeandika programu nzima kwa mkono wake, na asiyeazima kazi ya wenzake hamalizi. Ila vipande hivi husafiri mbali kuliko waandishi wake wanavyodhani. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye ghala la npm kipande chake kiitwacho left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa, hadi wenye ghala walipokirudisha. Kipande kile kilionekana kwa sababu kilitoweka. Kilichonikera mimi ni kile kisichotoweka: kinafanya kazi kila siku, na anayeumia ni mmoja mmoja, kimyakimya, kwenye foleni yake.

Wala tusiwasingizie wageni. Jedwali la herufi la ASCII, lililowekwa na Wamarekani mwaka 1963, lina ritifaa ndani yake. Patrick McKenzie, mwandishi wa programu Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, alichapisha mwaka 2010 orodha ya dhana 40 potofu walizo nazo wenzake kuhusu majina ya watu, maana jina lake mwenyewe lilikuwa likivuruga mifumo ya huko. Sisi tuna Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye mstari wangu ungemkataa mara tatu katika jina moja, na bado niliufundisha.

Hofu ya ritifaa ina asili yake. Katika lugha ya SQL, alama hiyo hufungua na kufunga maneno. Ukiunganisha jina la mwombaji moja kwa moja na amri inayokwenda kwenye kanzidata, ritifaa yake hufunga maneno kabla ya wakati, na yanayofuata husomwa kama amri. Wahalifu hupita hapohapo. Basi fundi mvivu humfukuza mwenye jina badala ya kurekebisha amri. Dawa inajulikana siku nyingi: amri ipelekwe peke yake ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa thamani, na jina lifuate kando. Hapo ritifaa haina nguvu yoyote.

Kuhusu jina lenyewe, siku hizi nawaambia wanafunzi wasihakiki herufi hata kidogo. Jina lisiwe tupu, lisizidi urefu fulani, basi. Lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika. Ugumu wa kweli uko kwenye kulinganisha, kwa kuwa simu nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Kwa hiyo ukurasa wa 14 sasa una mstari mwingine:

const ufunguo = jina.replace(/['’ʼ`]/g, "").toLowerCase();

Majina mawili hulinganishwa kwa ufunguo huo, na ufunguo hauonyeshwi kwa mtu wala hauchapwi kwenye cheti. Mstari huu nao una upungufu. Herufi kama ũ zinahitaji kazi zaidi, na nimeandika hivyo pembeni.

Mwaka wa pili kijana alipata mkopo. Alishauriwa kwenda kwa wakili, akalipia hati ya kubadili jina, ritifaa ikatoka. Juzi aliniletea jalada la ripoti ya mradi wake wa mwisho nilipitie. Nilimwambia kwamba hapa, kwa vile mchapaji ni yeye mwenyewe, anaweza kuandika jina la babu yake kama lilivyo.

"Nimekwisha kuapa, Mwalimu," akasema, akaichukua karatasi yake.